Mtu wa Kiti cha Nyuma

"Dada, mimi pikipiki nilianza kuendesha kabla sijaanza kutembea."

Maneno hayo yalitamkwa Jumamosi asubuhi, katikati ya yadi ya pikipiki zilizotumika, watu wamejaa kama siku ya mnada. Kijana aliyeyatamka alikuwa hajawahi kuendesha hata baiskeli. Si kwamba hakujaribu. Alijaribu mara moja akiwa darasa la tano, akaishia ndani ya pipa la maji la jirani, miguu juu. Tangu siku hiyo akawa anakiheshimu chochote chenye magurudumu mawili kama unavyomheshimu mbwa usiyemjua: kwa mbali, na bila kumwangalia machoni.

Sasa kilichomponza ni nini? Mwangalieni aliyeambiwa, halafu mniulize tena.

Alikuwa amevaa jinzi iliyopauka magotini, buti nyeusi za kazi, na shati jeupe lililokunjwa mikono. Kichwani kitambaa cha rangi ya chungwa, kwapani helmeti iliyochubuka. Alikuwa akilizunguka pikipiki kubwa la kijivu, lile la safari ndefu lenye masanduku pembeni na kioo cha kukinga upepo, huku amekunja uso kama mtu aliyeletewa chai ya baridi. Kila akizunguka, macho ya yadi nzima yalizunguka naye.

Kijana wetu alikuwa fundi miwani. Duka lake lilikuwa mtaa wa pili, na pale yadi alikuja kumletea dalali miwani yake mipya, basi. Naye hakuwa haba: urefu wa wastani, mwili wa kushiba kidogo, sura ya kuvutia. Hayo nayasema bila upendeleo wowote. Angemkabidhi dalali miwani yake akaenda zake, hadithi hii isingekuwepo. Lakini yule dada aligeuka, akauliza hewani, "Hivi hapa hakuna mtu anayezijua hizi pikipiki kweli, asiyekuwa anauza?" Mdomo wa Fundi ukajibu kabla yeye mwenyewe hajashauriwa.

"Kabla hujaanza kutembea?" Dada alimpima juu mpaka chini. "Basi nishushie hii kwenye stendi niione vizuri."

Jasho likamtoka Fundi mahali ambapo hakujua kuna jasho. Lile dude lilikuwa na uzito wa ndama wawili. Akakohoa, akasukuma miwani yake juu ya pua.

"Ndiyo makosa ya watu wengi hayo," akasema. "Kukimbilia kushusha. Panda kwanza ukae."

Dada akapanda, akakaa. "Haya. Nimekaa."

"Endelea kukaa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ikuudhi." Hapo Fundi akakanyaga ardhi anayoijua, sauti ikamtulia. "Mimi natengeneza miwani. Mteja akijaribu fremu dakika mbili, kila fremu nzuri. Akienda nayo nyumbani, jioni pua inawaka moto, masikio yanalia. Kwa hiyo dukani kwangu haondoki mtu mpaka ameivaa, amekunywa chai, amenisimulia ugomvi wake na shemeji yake. Kiti cha safari ndefu ni hivyo hivyo. Hukioni kwa macho, unakiona kwa kuchoka."

Dada akacheka, na Fundi akajua maisha yake yameharibika.

Wakapiga soga, yeye juu ya pikipiki, Fundi kasimama pembeni. Dada akamweleza kwamba yeye ni mkaguzi wa mizani. Huzunguka miji na vijiji kuhakikisha kilo ya muuza nyama ni kilo kweli, na mashine ya kusaga haimwibii mtu. Kazi nzuri, ila pikipiki aliyopewa ni ndogo, inatikisika kama kinu, na safari ya siku nzima humwacha akitembea kama kikongwe. Ndiyo maana anataka ya kwake mwenyewe, hata kama ni iliyotumika, mradi imbebe bila kumvunja.

Soga halijafika mbali akaachia usukani, akakung'uta mikono. "Vifundo vya mikono vinaniuma."

"Umeona? Usukani uko mbali na wewe. Umeinama kama unatafuta sindano."

Mkaguzi akashuka, akamtazama Fundi kwa macho mapya. "Kumbe unajua kweli, Profesa."

Jina hilo likamwingia kama asali. Na lilipofika tumboni likageuka jiwe.

*

Wakabadilishana namba. Ijumaa iliyofuata simu ikaita dukani.

"Profesa wangu, kesho uko wapi?"

"Popote ulipo wewe."

"Maneno hayo umewaambia wangapi?"

"Dada, mimi nashinda na vioo. Vyenyewe havijibu."

"Basi njoo na koti. Nimepata yadi nyingine, upande wa reli."

Ikawa kila Jumamosi. Katikati ya wiki, Fundi alikuwa akifunga duka la miwani na kufungua chuo cha simu: anatazama video za mafundi mpaka chaji inakata. Akajifunza kwamba injini ikikutwa ya moto kabla hujaiwasha, muuzaji ameficha jambo. Akajifunza kukagua mafuta yanayovuja kwenye shokapu za mbele, kutazama mnyororo, kulinganisha namba ya chasisi na kadi. Yadi ya reli aliweka kiganja juu ya injini kwa madaha, aone kama ni baridi. Haikuwa baridi. Alikiondoa kiganja bila kupiga yowe, machozi yakimlenga, akasema kwa utulivu mkubwa, "Hii wameipasha." Mkaguzi akampulizia kiganja. Fundi akaona hata angeungua mpaka kiwiko isingekuwa hasara.

Jambo moja Mkaguzi alilipenda kuliko yote. Kila wakijaribu pikipiki, Fundi hakukimbilia usukani kama wanaume wengine. Alikwenda moja kwa moja kiti cha nyuma. Anakaa, anajisogeza, anatafuta pa kushikilia, anauliza miguu inakaa wapi.

"Unajua wewe ni wa ajabu?" akamwambia siku moja. "Wanaume wote niliowahi kuwaona wanawaza usukani. Wewe unamuwaza abiria."

"Abiria naye ni binadamu," akajibu Fundi, na hapo, kwa bahati, hakusema uongo.

Pikipiki yenyewe waliipata kwa dalali yule yule wa kwanza. Ya bluu iliyoiva, si mpya, si chakavu. Usukani umeinuka, kioo cha mbele kipana, kiti kama sofa la mtu mwenye uwezo. Mkaguzi akaiwasha ikiwa baridi, ikaitika mara moja. Kisha akatoa mfukoni kipande cha shaba, jiwe dogo la mizani la kazini kwake, akalisimamisha juu ya kiti cha nyuma injini ikinguruma. Kwenye pikipiki nyingine zote jiwe hilo lilitembea lenyewe likaanguka. Juu ya ile ya bluu lilisimama tuli, kama lipo rafuni.

"Ndiyo hii," akanong'ona.

"Ndiyo hii," Fundi akakubali, moyo umemjaa.

Mkaguzi akamshika mkono. "Sasa nikwambie kitu. Mwisho wa mwezi naenda kumsalimia mama. Ni mbali, safari ya kutwa. Nataka twende wote, akuone."

"Mimi? Kwa mama?"

"Wewe. Na utaendesha wewe."

Yadi ikanyamaza. Yaani yadi iliendelea na kelele zake, ila masikio ya Fundi yaliziba.

"Miaka yote hii naendesha mimi," Mkaguzi aliendelea, ameegemea bega lake. "Mvua mimi, vumbi mimi. Siku moja tu, laazizi, nataka nikae nyuma, niweke shavu mgongoni kwako, nisinzie. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Mbona umepoa hivyo?"

"Furaha."

"Yule niliyekuwa naye kabla yako aliniambia ni rubani. Kumbe alikuwa anapakia mizigo uwanjani. Kupakia mizigo ni kazi halali, angesema tu. Lakini mtu anayenidanganya kitu kidogo, kikubwa atanifanyia nini?" Akacheka, akambonyeza tumbo. "Wewe nimekupenda kwa kuwa huna mambo hayo."

*

Kuanzia siku hiyo Fundi hakula akashiba. Akiona pikipiki barabarani anahesabu magurudumu kana kwamba huenda siku moja yakawa matatu. Alikwenda uwanja wa mafunzo, akalipa, akapanda, akaachia klachi, pikipiki ikaruka kama mbuzi aliyeumwa na nyigu, na Fundi akabaki amekumbatia nguzo ya goli. Mwalimu alimfuta vumbi, akamshauri kwa upole ajifunze kuogelea.

Aseme ukweli? Kila akishika simu kusema, alisikia lile neno: rubani. Atamwambia nini? Kwamba yeye si mpakia mizigo, ni mzigo wenyewe?

Basi akabuni mpango, na ni mpango wa mtu aliyekosa usingizi. Asubuhi ya safari atajifunga bendeji mkononi. Atasema ameteguka. Mkaguzi ataendesha, yeye atakaa nyuma, na hakuna atakayejua. Kilichobaki ni kuhakikisha kiti cha nyuma kinamweka hai kutwa nzima.

Jumatatu mchana akaenda yadi peke yake.

"Mzee wangu, niruhusu nikae hapa nyuma kidogo."

Dalali, miwani yake mipya ikimeremeta, akamruhusu. Kidogo ikawa kirefu. Fundi alikaa, akafumba macho, akainama kulia, akainama kushoto, akashika vyuma vya pembeni mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Hivi hapa nyuma mtu akipatwa na kizunguzungu, ataanguka?"

"Nani huyo wa kupatwa na kizunguzungu?"

Fundi akatazama pembeni. "Mtu wangu."

"Anh. Mtu wako."

"Mtu wangu ni mwoga sana, mzee. Ukimwendesha kasi anaweza kulia. Anahitaji egemeo la mgongo, na vishikio vikubwa zaidi. Nifungie, gharama juu yangu. Ila mwenzangu usimwambie, nataka ajionee mwenyewe."

"Na kilo ngapi huyo mtu wako? Shokapu ya nyuma inakazwa kwa uzito."

Fundi akavuta pumzi. "Themanini na mbili."

Dalali akapiga mluzi. "Umejaaliwa, kijana."

*

Sasa dalali ni dalali. Ukimpa siri ni sawa na kuibandika ukutani. Mkaguzi alipokuja kuichukua pikipiki yake akaliona egemeo, jipya, jeusi, limeshonwa kwa uzi mnene.

"Hili limetoka wapi?"

"Aa, hilo," dalali akajikuna kichwa. "Mimi sijasema kitu, mama. Ni yule mwenzio. La mtu wake."

"Mtu wake nani?"

"Yule mwoga. Wa kilo themanini na mbili."

Mtu mwingine angeuliza maswali. Angedhani ni utani, au dalali amechanganya. Lakini huyu ni mkaguzi wa mizani. Ukimpa namba haiachii tena. Yeye mwenyewe alikuwa na kilo hamsini na nne, pamoja na buti. Alikuwa haogopi kitu chochote duniani, na hajawahi kulia juu ya pikipiki hata iliyomtupa mtaroni. Akapiga hesabu palepale, kichwani: themanini na mbili kutoa hamsini na nne. Zilizobaki hazikuwa zake.

Simu ikaita dukani. Fundi alikuwa akichonga kioo.

"Laazizi!"

"Ni nani mwenye kilo themanini na mbili?"

Mashine ya kuchongea ikaendelea kuzunguka peke yake.

"Nani kakwambia?"

"Kwa hiyo yupo."

"Yupo, lakini—"

"Umemtafutia egemeo la mgongo kwenye pikipiki yangu. Niliyoinunua mimi. Jumamosi zote ulipokuwa unakaa kiti cha nyuma, nikakusifu unaniwaza mimi, kumbe unampimia mwingine!"

"Si mwingine!"

"Ni nani basi? Taja."

Hapo ndipo palikuwa na mlango, wazi kabisa. Maneno mawili tu: ni mimi. Fundi akafungua mdomo. Akamwona rubani, akamwona mama wa watu, akajiona mwenyewe ndani ya pipa la maji.

"Ni... mtu tu," akasema.

Kisha Mkaguzi akasema taratibu, sauti imekauka, "Jumamosi naenda kwa mama peke yangu. Kituo chetu cha kazi cha kule kina nafasi, wakubwa wananiuliza kila siku kama naitaka. Nadhani naitaka." Akakata.

Fundi akapiga. Haipokelewi. Akapiga tena. Imezimwa. Akatuma ujumbe, akaufuta, akatuma "Naomba unisikilize," akakaa anautazama kama daktari anavyotazama mgonjwa asiyepumua. Haukujibiwa.

Siku mbili zile alikuwa si mtu. Alikata kioo cha kulia akakifunga kushoto. Mteja, mama mmoja mnene mwenye haraka, akavaa, akapepesa macho.

"Fundi, mbona nakuona mko wawili?"

"Afadhali tungekuwa wawili, mama. Mmoja angeenda kusema ukweli, mwingine abaki hapa ajifiche."

Mama akaivua miwani, akamtazama bila vioo. "Umegombana na mkeo?"

"Bado hajawa mke."

"Na ukiendelea kujificha hatakuwa. Nipe miwani yangu iliyo sawa, halafu ufunge duka."

*

Ijumaa asubuhi Mkaguzi alikuwa soko kuu. Ni siku ya ukaguzi: wafanyabiashara wamepanga foleni, kila mmoja amekumbatia mizani yake kama mtoto anayepelekwa chanjo, wengine wanaifuta vumbi, wengine wanaiombea. Yeye alikuwa amevaa koti la bluu la kazi, koleo la kupigia lakiri, ule muhuri wa ukaguzi, mkononi. Macho yalikuwa mekundu, na wauzaji waliodhani amekasirikia mizani yao walikuwa wakitetemeka.

Mbele yake ilikuwa mizani kubwa ya chini, ile ya kupimia magunia. Ndiyo kwanza ameikagua, ameipiga lakiri, akaandika ni sahihi.

Fundi akapenya kwenye watu, akihema, shati limemganda mgongoni.

"Bwana, foleni!" akapiga kelele muuza mchele.

"Mimi sina mizani."

"Sasa unataka nini?"

"Kupimwa."

Akapanda juu ya ile mizani ya magunia, akasimama wima, mikono ubavuni, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wa nidhamu. Mshale ukayumba, ukapanda, ukashuka, ukatulia.

Mkaguzi hakutaka kutazama. Lakini mshale ukisimama mbele ya mtu wa kazi ile, macho yanakwenda yenyewe. Themanini na mbili.

Soko likaendelea na makelele yake. Wao wawili hawakuyasikia.

"Mtu wangu ndiye huyu," Fundi akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mwoga sana. Ukimwendesha kasi atalia."

Mkaguzi akatazama mshale, akamtazama yeye, akarudia mshale. "Shuka. Panda tena."

Akashuka, akapanda tena. Themanini na mbili.

"Wewe unajua kuendesha pikipiki au hujui?"

"Sijui."

"Kidogo?"

"Hata baiskeli, laazizi. Nilitumbukia kwenye pipa."

Muuza mchele akaangua kicheko, mwenzake akampiga kiwiko. "Nyamaza bwana, hapa patamu."

"Na yale yote ya yadi? Injini baridi, shokapu, mnyororo?"

"Video. Nilisoma kwa ajili yako. La kiti tu ndilo lilikuwa langu."

"Na Jumamosi ungefanyaje?"

"Bendeji." Akaonyesha mkono. "Ningesema nimeteguka."

Mkaguzi hakucheka. Hapo ndipo Fundi alipoogopa kweli, kuliko pikipiki, kuliko pipa. Alikuwa amezoea kwamba akisema jambo la kijinga Mkaguzi hucheka, na sasa uso ulikuwa umefungwa.

"Nilikwambia kuhusu yule wa kwanza," akasema. "Nilikwambia mwenyewe, umekaa pembeni yangu. Ukanyamaza."

"Ndiyo maana nilinyamaza."

"Siku mbili nzima nilimuwaza huyo mwanamke. Nimempa sura, nimempa nguo. Nimemchukia mtu ambaye hayupo! Unajua inavyochosha?"

"Nisamehe."

"Mizani ikidanganya naifanyaje?"

"Unaifunga."

"Naifunga. Mwenyewe anaipeleka ikarekebishwe. Akiirudisha naikagua upya, mara mbili. Ikiendelea kudanganya naivunja, na simwonei huruma." Akaweka koleo mfukoni, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi, mlangoni kwangu. Koti zito. Ukichelewa nakuacha."

"Na kituo cha kule?"

"Tutaona utakavyofika. Sasa shuka kwenye mizani ya watu."

"Mbebe dada, mbebe!" soko likashangilia, na muuza mchele, kwa furaha, akasahau kabisa kwamba mizani yake mbovu alikuwa ameificha chini ya meza, akaileta mwenyewe mbele.

*

Kulikuwa na ukungu mwepesi asubuhi ile. Pikipiki ya bluu ilisimama mlangoni, masanduku yamejaa, injini ikinguruma taratibu. Fundi alifika mapema, amevaa makoti mawili. Magoti yalikuwa yakigongana.

"Huo mtetemeko ni wa injini au wako?" Mkaguzi akauliza, akimfunga kamba ya helmeti chini ya kidevu.

"Injini."

"Profesa!"

"Wangu."

"Safi. Panda. Egemeo lako hilo, vishikio vyako hivyo. Nikilala kwenye kona, na wewe lala. Usipingane nami."

"Nimewahi kupingana nawe?"

Wakaondoka. Mji ukaisha, nyumba zikapungua, barabara ikanyooka kati ya mashamba. Fundi kwanza alishika vishikio, kisha akashika koti la Mkaguzi, kisha akamkumbatia kiunoni na kufumba macho. Hakukuwa na mtikisiko wa kuumiza mgongo, wala upepo wa kukata kifua. Kile kioo kipana kilifanya kazi yake. Kila malori yalipopita moyo ulimruka. Lakini katikati ya hofu ile kulikuwa na mgongo mdogo mbele yake, umenyooka, umetulia, unajua unakokwenda. Akaweka shavu pale. Mkaguzi akapapasa mkono wake mara moja, akarudisha wake kwenye usukani.

Mchana wakasimama kituo cha mafuta. Fundi alishuka, akatembea hatua chache, akakumbatia nguzo ya paa.

"Upo salama?"

"Nipo. Nisikilize, kabla hatujafika kwa mama." Alikuwa mweupe kama chokaa. "Mimi sina cha kujivunia juu ya magurudumu. Nina duka la miwani, na nina woga. Vyote umeviona. Ukivitaka, nataka nikuoe."

"Unaniposa huku umekumbatia nguzo?"

"Nikiiachia naanguka."

Mkaguzi akavua helmeti. Alikuwa analia, na anacheka, na kijana wa pampu akasahau mafuta yanamwagika.

"Basi ishikilie," akasema. "Ndiyo. Ishikilie hivyo hivyo. Na ile nafasi ya kazi ya kule nitawaambia wampe mwingine."

Kilichobaki cha safari kilikuwa shwari. Kijana wetu alikwisha kuizoea pikipiki, akafumbua macho, akafurahia mandhari. Hakupiga kelele hata moja. Jioni walipofika, alishuka mwenyewe kwa madaha, akajinyoosha koti, akatembea wima mpaka mlangoni na kumwamkia mama mkwe kwa sauti nzito ya kiume, hata mama akavutiwa na—

"Nani alitembea wima?"

Nimegeuka. Mama mkwe mwenyewe amesimama nyuma ya kiti changu, kikombe cha chai mkononi, na puani miwani niliyomchongea mwezi uliopita. Alikuja kututembelea juzi. Sikumsikia akiingia.

"Shikamoo, mama. Ni hadithi tu. Ya kijana mmoja."

"'Sura ya kuvutia,'" akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. "'Bila upendeleo wowote.' Haya."

"Mama, wasomaji wanapenda—"

"Mwanangu, siku ile sikuwa na miwani na bado nilikuona. Sauti yako tuliisikia kabla ya pikipiki, majirani wakatoka wakidhani kuna msiba. Tulikushusha watu wawili, mimi na mkeo, kama gunia, na hiyo shikamoo ulinipa ukiwa umelala kwenye nyasi, umezishika usije ukaanguka zaidi." Akavuta kiti, akaketi, akapuliza chai yake. "Futa hapo. Andika, nakungoja."